Mama Mizani na Cheti Changu cha Saba

Ndugu waombolezaji, familia imenipa heshima ya kuwasomea maisha ya mama mkwe wangu, ambaye ofisini walimwita Mama Mizani.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1945, mtoto wa pili wa fundi viatu na mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia 1952 hadi 1959, sekondari hadi 1963, kisha chuo cha ualimu, alikohitimu Novemba 1965. Tarehe 17 Desemba 1966 alifunga ndoa na fundi saa, aliyemtangulia mwaka 2009, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza akiwa mume wangu.

Alifundisha hisabati miaka kumi na miwili, na Januari 1978 akahamia baraza la mitihani, chumba namba nane, kazi yake ikiwa kulinganisha vyeti vya nje na vya hapa, hadi alipostaafu Machi 2005.

Humo ndimo alimokosea, na aliniagiza nisifiche. Februari 1989 cheti changu kilifika mezani kwake, nilikuwa nimesomea nchi jirani ambako saba ndiyo alama ya juu kabisa, ilhali hapa moja ndiyo ya juu na saba ni ya kujikongoja, naye akaandika kwamba sistahili chuo cha uuguzi, nikabaki nyumbani nikilia. Agosti, akisoma mwongozo wa baraza la mitihani la nchi ile, aligundua kosa, wala hakutuma barua, alikuja kwetu mwenyewe kwenye mvua, mwanawe amemshikia mwavuli, akamwambia baba mbele yangu, "Binti yako hakufeli, nilifeli mimi." Septemba nikaingia chuoni. Alikuja kuomba radhi akapata mkwe, ingawa hilo lilichukua miaka minne na miavuli kadhaa.

Tangu hapo hakuna faili lililofungwa chumba namba nane kabla mtu wa pili hajasoma mwongozo wa baraza lililotoa cheti, na vijana wa pale wanafanya hivyo hadi leo.

Figo zilianza kumsumbua Oktoba 2022, nikamuuguza kwa mikono yangu, na wiki ya mwisho akaniuliza kama bado nina kinyongo. Alifariki tarehe 9 Juni 2024, saa tatu asubuhi, nyumbani.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliopokezana kumpeleka kliniki, na wenzake wa chumba namba nane.

Mama, swali lako nililijibu kwa kutikisa kichwa tu, leo nalijibu mbele ya watu: sina kinyongo, na nimekupa saba, ya kule nilikosoma. Pumzika kwa amani.