Mama Matandazo na Miche ya Miaka ya Ukame

Mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Matandazo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi cherehani na mkewe, mkulima wa mboga. Alisoma shule ya msingi tangu 1959 hadi 1966, na mwaka 1971 akapata cheti cha kilimo.

Januari 1972 aliajiriwa kuwa mtunza kitalu katika kituo cha utafiti wa mboga, akadumu hapo miaka thelathini na minne. Huko ndiko alikokutana na baba yetu, dereva wa lori la maji. Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1975. Baba hupenda kusema, "Nilimpelekea maji miaka mitatu kabla sijampelekea posa."

Ukame wa 1984 ulipoanza kukausha bustani za kando ya kijito, Mama alikuwa ameshaona kitaluni kwamba miche ya mchicha iliyopunguziwa maji kidogo kidogo kabla ya kuhamishwa ilivumilia jua kuliko ile iliyodekezwa. Akawaambia majirani wapunguze. Wifi yake akapunguza siku ileile, miche ikiwa na majani mawili tu. Yote ikafa, na mboga ndiyo iliyokuwa tegemeo la watoto watano wa wifi huyo.

Mama hakutafuta kisingizio. Alipita nyumba kwa nyumba. "Niliwaambia nusu tu ya jambo," alisema. "Sikuwaambia lini. Kosa ni langu, si la jua."

Wifi alimjibu akiwa mlangoni, "Maneno hayaliwi, wifi."

Hayo yalimchoma. Alirudi kituoni akaotesha trei baada ya trei, akihesabu majani na siku, mpaka akapata jibu: subiri majani manne, punguza maji kwa siku kumi, hamisha jua likipoa, kisha tandaza nyasi kavu juu ya udongo, matandazo ambayo baadaye yalimpa jina. Msimu uliofuata alimpelekea wifi miche aliyoikuza mwenyewe, wakapiga magoti pamoja kuipanda. Wiki tatu zikapita bila tone la mvua. Miche ilisinyaa mchana, jioni ikainuka. Siku moja wifi akatuma ujumbe: "Mwambieni aje tuchume."

Novemba 2022 Mama alipata kiharusi, kikamwachia mkono mmoja tu wenye nguvu. Aliendelea kufundisha akiwa kitini. Binti yake akishindilia mche kwa pupa, alimwambia, "Taratibu mwanangu, huo si msumari." Alifariki dunia hospitalini asubuhi ya Jumanne, tarehe 8 Aprili 2025, akiwa na umri wa miaka 74.

Ameacha mume, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja, dada mmoja, na wifi aliyemsamehe bila kuombwa mara ya pili.

Mungu ampokee na kumpa pumziko jema. Lala salama, Mama.