Taa Imezimwa, Injini Bado Inagonga

FUNDI: Haloo? Haloo! Nani mwenzangu? Pana kelele hapa gereji.

MAMA: Mwenzako? Mimi ni mama yako.

FUNDI: Aa, mama! Shikamoo. Nimeona namba ngeni—

MAMA: Marahaba. Simu ya msusi hii. Yangu ukiiona hupokei. Nimeacha nusu ya kichwa haijasukwa kwa ajili yako.

FUNDI: Kuna nini tena?

MAMA: Kuna maneno. Nimeyasikia hapa saluni, nikajaribu kuyapuuza, yamening'ang'ania. Mke wa jirani yako, yule mziba pancha, anasema eti mwanangu anatibu magari kwa vipande vya redio.

FUNDI: (anacheka) Umbea wa saluni huo, mama!

MAMA: Hata mimi nilicheka. Kisha nikakumbuka redio yangu imenyamaza tangu Jumapili, siku uliyokuja kuifuta vumbi.

(Laini inakwaruza.)

FUNDI: Mama, mtandao... unakatika...

MAMA: Haukatiki. Nakusikia unavyohema. Umeweka nini kwenye gari la dada yako?

FUNDI: Kitu kidogo tu. Rezista ya redio, kijidude cha kuzuia umeme. Hata ukucha hakifiki.

MAMA: Nieleze kwa lugha ya shule ya msingi. Huko ndiko nilikoishia.

FUNDI: Sawa. Injini ina sensa ya noki, yaani ya kugundua kugonga. Imefungwa kwa bolti kwenye bloku, ule mwili wa injini. Ndani yake mna kijiwe. Injini ikigonga, ule mtikisiko unakifanya kijiwe kitoe umeme kidogo, unakwenda kwenye kompyuta ya gari. Kompyuta inachelewesha cheche za plagi, kugonga kunakoma.

MAMA: Kugonga ndiyo ile sauti ya kokoto kwenye kopo?

FUNDI: Hiyo hiyo. Petroli inalipuka ovyo ndani. Ukiiachia, pistoni zinatoboka.

MAMA: Kumbe sensa ni sikio.

FUNDI: Tuseme hivyo.

MAMA: Sasa sikio la gari la dada yako lilikufa, taa ya injini ikawaka, akakuletea jipya ndani ya boksi lake. Nilikuwepo. Liko wapi?

(Fundi anaanza kupigapiga nyundo.)

MAMA: Haloo?

FUNDI: Lilipasuka.

MAMA: Lenyewe? Kwa huzuni?

FUNDI: Nilikuwa nalikaza... spana ilikuwa fupi, nikaichomeka bomba nipate nguvu—

MAMA: Bomba! Kitu cha kusikiliza mtikisiko unakikaza kama nati ya tairi la lori!

FUNDI: Ipo spana yake, ya kupimia nguvu ya kukaza. Ninayo. Ila sijaitoa kwenye mfuko, sitaki ichafuke.

MAMA: Umeiweka kama vikombe vya wageni. Haya, ukaona aibu.

FUNDI: Nikaona aibu. Nikaunga rezista kwenye waya. Kompyuta inadhani sensa ipo na injini imetulia. Taa ikazima. Na mama, gari linavuta sasa! Dada mwenyewe alinishukuru.

MAMA: Linavuta kwa sababu halisikii maumivu. Hata mlevi hubeba meza peke yake.

FUNDI: Nilipanga wiki ijayo nimwambie alilete—

MAMA: Wiki ijayo? Unajua leo anakwenda wapi?

FUNDI: Si kazini?

MAMA: Anapandisha mlima! Wajukuu wangu wawili kiti cha nyuma, mifuko ya saruji kwenye buti, na malori yanamfuata mgongoni. Injini ikimfia kwenye zile kona, atasogea wapi?

FUNDI: Mama! Mpigie sasa hivi!

MAMA: Mimi? Kwani mimi ndiye niliyemwambia limepona? Toa hiyo simu yako ya wateja. Mpigie, nasikiliza.

FUNDI: Nimwambie sensa ina hitilafu kido—

MAMA: Mwambie ulichofanya.

(Simu nyingine inaita. Inaita. Inaita.)

FUNDI: Dada? Uko wapi? ... Umeshasimama? ... Usiwashe tena. ... Hapana, siyo taa. Taa haiwezi kuwaka, mimi ndiye... Ile sensa haimo. Niliivunja. Nikaidanganya kompyuta, nikakudanganya na wewe. ... Ndiyo. ... Najua. ... Watoto hawajambo?

(Laini inakwaruza.)

MAMA: Anasemaje? Wewe! Anasemaje?

FUNDI: Amekata.

MAMA: Na kabla ya kukata?

FUNDI: Yuko kituo cha mafuta, chini ya mlima. Alisimama kwa sababu yule mdogo alimuuliza nani anatikisa mawe huko mbele.

MAMA: (anashusha pumzi) Miaka mitano. Ana sikio kuliko gereji nzima.

FUNDI: Ananisubiri. Ameshawaambia watoto mjomba anakuja kueleza.

MAMA: Basi ondoka! Sensa nyingine utaipata wapi?

FUNDI: Duka la spea, hapo ng'ambo ya barabara. Mama, hasira zake unazijua—

MAMA: Nazijua, nilimzaa. Salio la msusi linalia. Shika kalamu, mke wa mziba pancha ananinong'oneza hapa, na haya uyabandike ukutani wateja wako wayasome. Unaandika?

FUNDI: Naandika.

MAMA: Usikaze sensa kwa bomba.

Usiifunge juu ya kutu, rangi wala grisi.

Usiiwekee washa, ile pete ya bolti, ambayo haikuja nayo.

Ikidondoka chini, usiifunge.

Usiviringishe nailoni kwenye waya ulioliwa na panya. Badilisha waya.

Usitie petroli ya madumu ya kando ya njia.

Usizime taa kabla hujajua kilichoiwasha.

Usipandishe mlima na injini inayogonga, hata kama unachelewa.

FUNDI: Nimeandika. Haya mama, kwaheri, natoka—

MAMA: Bado! La mwisho si la ukutani. Ukifika pale, usiingize kichwa kwenye boneti kabla hujamtazama dada yako us—

(Salio limekwisha.)