Mawese Kwenye Shuka Jeupe

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata chumbani mwa mke na mume, maana na huko anafika. Mlango umefungwa, tuko wanawake wa ndoa peke yetu, basi sitazunguka.

Mimi nilikuwa bubu. Kwetu Giheke nilifundishwa kwamba bibi harusi huinamisha macho na kunyamaza. Mume wangu Faustin, fundi wa simenti, aliponiomba tufanye mapenzi kwa njia ya nyuma, niliinamisha macho. Akaona nimekubali. Niliumia, nikang'ata mto. Mara ya pili vilevile. Ndugu zangu, nilianza kuchukia hata hatua zake mlangoni, na mume huyo nilimpenda!

Mara ya tatu ilikuwa mchana, mvuke ukipanda kwenye mashamba ya mpunga. Nilichukua mafuta ya mawese jikoni, nikidhani yatasaidia. Tulipoinuka, shuka jeupe lilikuwa jekundu! Nikapiga kelele. Faustin alivaa shati nje ndani, tukapanda moto, ile pikipiki ya abiria, hadi kwa muuguzi.

Muuguzi, mama mtu mzima, alinitazama vizuri, akasema, "Maman, hii haiko damu. Iko mawese."

Nilicheka, kicheko kikageuka kilio, na kilio kikanifungua kinywa! "Faustin, inaniumizaka. Siku zote. Sikutakaka."

Faustin alikaa chini sakafuni. "Na mimi nilizania unapenda," akasema, akalia. "Kosa ni yangu. Sikukuulizaka. Tuache."

Muuguzi alitufundisha wote wawili. Kwanza, wote watake. Mmoja asipotaka, hakuna. Kwenda choo mapema, kuoga maji ya uvuguvugu. Kilainishi cha maji na kwa wingi, si mawese, maana mafuta hupasua kondomu. Kidole kwanza, polepole, nikipumua. Kuvaa kondomu, na kuibadilisha kabla ya kurudi mbele. Maumivu yakija, kuacha. "Mwili haifunguke kwa nguvu," alisema.

Miezi ilipita, Faustin hakuomba tena. Jumapili kadhaa tulikwenda Bugarama kwenye maji ya moto yatokayo ardhini, tukatia miguu, tukakaa kama watu wanaoota macho wazi. Mawingu yalipita majini. Woga ukanitoka taratibu, sijui saa ngapi. Siku moja, katika mvuke wa maji yale, mimi mwenyewe nikamwambia Faustin, "Papa, leo nataka tujaribu."

Usiku, nyumbani, tulifanya yote kama tulivyofundishwa. Sikuumia. Lakini katikati nilisema, "Acha." Nilitaka tu kujua.

Ndugu zangu, aliacha! Papo hapo! Akanishika mkono, akangoja. Nililia kwa furaha, nami nikamwambia, "Endelea."

Namshukuru Mungu kwa muuguzi yule, na kwa mume anayesikia. Na wewe mama uliyeinamisha macho hapo viti vya nyuma, nakuona. Mtumaini Mungu, uinue macho, umwambie mumeo neno lako. Kama ni hapana, iwe hapana, na Mungu hatakuacha peke yako.