Robo Tatu ya Majani

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matairi mawili ya lori, mbele ya geti la kiwanda cha kupasua mbao, mahali ambapo vumbi la msumeno linatua ndani ya kikombe hata ukikifunika kwa kiganja. Mama Birika huuza kahawa hapo kila asubuhi. Wateja wake wasiokosa ni watatu: Sheria, aliyekuwa tarishi wa mahakama mpaka alipostaafu, Redio, fundi viatu asiyejua kunyamaza, na Hasara, dalali wa mbao ambaye hajawahi kukiri kwamba amepata faida. Mlimani nyuma ya kiwanda, msitu wa misonobari unakufa. Mwaka jana ulikuwa na doa moja la kahawia. Mwaka huu kilichobaki kijani ndicho kinachoonekana kama doa.

Asubuhi hiyo binti wa Mama Birika alikuwa na barua mkononi. Kazi yake ni kupiga alama katika idara ya misitu. Hupanda mlima na kopo la rangi nyekundu, hutafuta miti iliyoshambuliwa na mdudu wa gome, huichora msalaba, kisha wakataji huja kuiangusha ikachomwe. Barua ilimtaka ajieleze kabla ya saa nne kwa nini asifukuzwe, maana miti yote aliyoionyesha imekatwa na mdudu bado anaenea. Alikaa mwisho wa benchi, karatasi juu ya goti, hajaandika zaidi ya tarehe. Mama yake alikuwa na hasira asiyokuwa na pa kuitua, kwa hiyo aliosha vikombe visivyo vichafu.

Sheria aliomba aonyeshwe mwongozo wa idara. Akavaa miwani, akausoma kwa sauti ya mahakamani.

— "Mti upigwe alama pale robo tatu ya majani yake yatakapokuwa yamekauka." Ulifuata robo tatu, mwanangu?

— Nilifuata, mzee.

— Basi huna kosa. Mwenye kosa ni mdudu. Yeye hajausoma.

Redio akadakia kwamba kusoma anasoma sana. Kwa hesabu zake, wadudu hao waliletwa kwenye maboksi na wauza dawa za wadudu, usiku mmoja, gari lisilo na namba. Hasara akasema dawa ni kisingizio, kuna mkubwa anautaka mlima uwe mweupe aukate viwanja. Redio hakukubali kupitwa. Akaeleza kwamba mdudu akiuona msalaba mwekundu anajua mti huo utakatwa, basi anafungasha na watoto wake anahama. Hasara akashauri mlima mzima upakwe rangi nyekundu, wadudu wahamie baharini. Wakacheka mpaka Sheria akavua miwani kufuta macho.

Mama Birika akaliweka birika chini kwa kishindo.

— Nyie chekeni. Huyu akifukuzwa, mwanawe atavaa kicheko chenu kwenda shule?

Kicheko kikakatika. Hasara akasema samahani dada, utani tu.

— Niliwaambia, mama, binti akasema, macho kwenye karatasi. Mara mbili niliomba ruhusa ya kupiga alama miti ya kijani iliyo jirani na ile iliyokauka. Bwana misitu akasema mti wa kijani ni mali ya umma, nikiupiga alama nimehujumu.

— Ungemwomba aandike, Sheria akasema.

— Aandike kwa nini? mama akamgeukia. Walimpa kopo na brashi, hawakumpa karatasi ya kuandikiana nao. Karatasi wamempa leo, ya kumfukuzia. Wao wamekaa ofisini na robo tatu yao, yeye ndiye anayepanda mlima, halafu kosa linamtafuta yeye.

Hapo ndipo lori lilipoegeshwa kando ya geti, limebeba magogo ya misalaba myekundu kuelekea kwenye shimo la kuchomea. Dereva alikuwa mgeni, wiki yake ya kwanza. Akaagiza kahawa, akauliza kuna nini mbona watu wamenuna, na Redio akamweleza yote, pamoja na maboksi na gari lisilo na namba. Dereva alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda kwenye lori lake, akabandua kipande cha gome kwenye gogo la juu, akarudi nacho. Upande wa ndani ulijaa vijia vilivyochimbwa, vimejaa ungaunga mkavu. Akakikung'uta juu ya benchi. Ungaunga ukamwagika, basi.

— Magogo haya nimeyapakia kwa mikono yangu wiki nzima, akasema. Kila ninapobandua ni hivi hivi. Humu hawamo. Sasa wadudu wenyewe wako wapi?

Sheria alikunja mwongozo mara mbili, akaukunjua tena. Binti aliinua uso kuelekea mlimani, kwenye miti ya kijani, akaanza kuihesabu ile iliyo jirani na iliyokauka.

Mama Birika akalichukua lile gome, akaliweka juu ya karatasi ya bintiye.

— Andika alivyouliza huyu. Hivyo hivyo, usipambe.

— Mama, wao wanataka majibu. Hili ni swali.

— Mwongozo ni wao. Wajibu wao.

Binti akaandika. Mstari mmoja, na jina lake chini. Mama alivua aproni, akalifungia gome ndani yake kwa fundo la nguvu, akalitia kwapani.

— Tunakwenda wawili, akasema. Nataka bwana misitu anitazame mimi usoni anaposema hajui.

Hasara akauliza kahawa atamimina nani.

— Mikono mnayo, akasema, na alikuwa ameshavuka barabara.