Wasifu wa Dada Pindo na Barua Iliyompatia Chumba

Marehemu dada yetu, ambaye wengi mlimwita Dada Pindo kwa kuwa pindo alilolishona yeye halikufumuka, alizaliwa tarehe 11 Machi 1968, mtoto wa kwanza kati ya wawili. Wa pili ndiye anayewasomea wasifu huu.

Alisoma hadi darasa la saba, mwaka 1982, akaishia hapo baada ya mama yao kufariki. Mdogo wake hakujua hata herufi moja. Dada alimshika mkono, wakaandika kwa mkaa kwenye sakafu ya jikoni. "Taratibu," alimwambia, "herufi haina miguu, haitakukimbia." Hadi leo watu humsifu mdogo wake kwa mwandiko.

Alijifunza ushonaji, na kwa miaka mingi alishona sare za shule barazani pa duka la vitambaa. Tarehe 20 Agosti 1994 aliolewa na dereva wa lori, mtu mpole mwenye utani mwingi, wakajaliwa mabinti wawili. Mumewe alifariki mwaka 2011.

Aprili 2017 nyumba waliyopanga ilitangazwa kuwa mbovu, wapangaji wakapewa siku saba wahame. Serikali ilikuwa na vyumba vya dharura kwa familia zisizo na makazi, basi Dada akaenda ofisi ya ustawi wa jamii.

"Mama, una ndugu?" afisa alimuuliza.

"Ninaye mmoja."

"Basi atuandikie barua kwamba hana nafasi. Bila barua, chumba hakuna."

Dada alimletea mdogo wake karatasi na kalamu. Sasa mdogo wake anajua kwamba Dada alikuwa akingoja yeye akatae kuandika. Uani kwake kulikuwa na chumba cha kuwekea makopo ya rangi na viti vilivyovunjika. Aliandika: "Nyumba yangu imejaa." Aliandika vizuri, bila kufuta neno. Dada aliisoma, akasema, "Mwandiko wako umetulia," akaikunja. Aibu ile haijamtoka mdogo wake.

Dada alipewa chumba namba 14 katika bweni la zamani la wauguzi, kwa majuma sita. Alikaa karibu miaka sita. Jiko lilikuwa moja kwa familia tisa, na ukuta ulishika unyevu. Majirani wakimuuliza habari za ndugu yake, alijibu, "Kwake watu wamejaa hadi mlangoni, maskini." Siku moja alimletea mdogo wake pazia la dirisha la uani. "Litundike," alisema, "watu wasione makopo." Wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite. Dada alifunika, na aliyepita kichwa juu ni mdogo wake.

Kifua kilianza kumsumbua Dada mwaka 2021. Alilazwa mara tatu, akafariki Jumanne tarehe 7 Machi 2023, saa tatu asubuhi, siku nne kabla ya kutimiza miaka hamsini na mitano.

Ameacha mabinti wawili, cherehani moja, na mdogo wake. Ofisi inakitaka chumba namba 14 mwisho wa mwezi, na mabinti wakiomba kingine, mjomba wao aandike barua tena. Hajaiandika. Makopo ameyatoa, chumba cha uani kwake amekipaka rangi, ufunguo amempa binti mkubwa. Binti aliupokea, akautazama, akasema, "Tutafikiria, Mjomba." Naye hana haki ya kuwaharakisha.

Dada Pindo, pumzika kwa amani, mahali pasipodai barua ya ndugu.