Ng'ombe wa Lita na Madaktari wa Taruma

Benchi letu ni taruma la reli, lile gogo la kulalia vyuma vya treni. Liko kwa kona ile barabara ya murram inaachana na lami kuelekea Elementaita, karibu na Kikopey, na mimi ndiye Nekoye wa kahawa. Nina jiko moja, mabirika mawili, tangawizi ya kutosha, na wateja watatu ambao asubuhi hawana kazi lakini maoni wako nayo. Wa kwanza ni Joash, tunamwita Profesa. Baba yake alikuwa fundi wa reli, kwa hivyo anakalia hilo taruma kama urithi. Wa pili ni Sitati, lakini jaribu kumwita Sitati uone. Yeye ni Sindano, kwa sababu aliwahi kumshikia kamba yule jamaa wa kupandisha ng'ombe kwa mrija wa mbegu. Mara mbili tu, lakini usimwambie nimesema. Wa tatu ni Kipruto, ama Choma, anageuza nyama kwa bucha moja Kikopey. Zamani walikuwa wanabishana mpira, na nilikuwa na amani. Halafu Profesa akaingizwa kwa grupu ya wasap ya madaktari wa mifugo, kimakosa, namba yake na ya daktari fulani zinapishana tarakimu moja. Akanyamaza, hakutoka. Tangu siku hiyo kila asubuhi tunasomewa magonjwa.

Sasa Jumanne, kama saa mbili na nusu, Kipngetich akatokea anahema. Huyu tunamwita Lita, maana ukimsalimia anakujibu na lita za maziwa ya ng'ombe wake. Ng'ombe mwenyewe anaitwa Madam. Akatuambia Madam amezaa jana jioni, ndama jike, mzima kabisa. Lakini alfajiri wamemkuta amelala, hainuki. Mkewe Jemutai amebaki kwa boma, ameketi kwa matope na kichwa cha ng'ombe mapajani. Amepata daktari kwa simu, anatoka Gilgil. Na kwa vile boma yao haionekani kutoka barabarani, Lita ametumwa kitu kimoja: simama kwa kona, daktari akifika mlete.

"Nakaa dakika mbili tu," akasema. Akakaa.

PROFESA: Tulia kwanza, Lita. Tupate historia ya mgonjwa. Ana miaka ngapi?

LITA: Hii ni ndama yake ya nne. Profesa, ng'ombe haisimami!

PROFESA: Ndiyo nasema tulia. Haraka haraka haina baraka. Anakula?

LITA: Hakuli. Ameipinda shingo, kichwa amekirudisha kwa ubavu.

CHOMA: Ubavu gani?

LITA: Wa kushoto.

CHOMA: Basi, imeisha. Amemeza msumari. Mimi nimepasua ng'ombe nikatoa msumari, nikatoa kijiko, siku moja nikatoa chaja ya simu na waya wake.

SINDANO: Ilikuwa inafanya?

CHOMA: Niliiuza.

PROFESA: Jana kwa grupu kulikuwa na kesi kama hii, huko Molo. Madaktari kumi na wanne wamechangia, na hakuna hata mmoja alisema msumari.

SINDANO: Walisema nini?

PROFESA: Bado wanajadiliana.

SINDANO: Na ng'ombe?

PROFESA: Hiyo sehemu hawakuandika.

Nikawamiminia. Na niseme ukweli hapa, kwa sababu wote nitawasema na mimi sitajiacha: sikuwa na haraka yoyote. Maneno yakiwa moto, kahawa inatoka.

Hapo ndipo pikipiki ilisimama. Msichana mmoja, gumboots, jaketi ya mvua, na sanduku la plastiki limefungwa nyuma kwa mpira.

"Habari zenu. Naulizia boma moja hapa, kuna..."

"Dada," Profesa akainua kidole, "kama ni dawa ya minyoo unauza, pitia kesho. Saa hii tuko na mgonjwa."

"Ndiyo hiyo naulizia, kuna mama amenipigia..."

"Nekoye, mpe kahawa huyu dada, angojee. Hapa kuna mambo ya kitaalamu."

Lita, mwenye ng'ombe, hata hakugeuza shingo. Alikuwa anakodolea lami macho akitafuta gari. Msichana akatoa simu akapiga. Akapiga tena. Haikushikwa. Mimi nikampa kikombe. Nilidhani pia ni wa dawa ya minyoo, Mungu anisamehe.

SINDANO: Nyinyi wote mmepotea. Hii ni mambo ya mbegu. Si Madam alipandishwa mbegu ya dume wa Uholanzi?

LITA: Ndiyo.

SINDANO: Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa mgeni amekuja, mwenyeji ameugua. Damu imekataa.

LITA: Lakini hata ndama ya tatu ilikuwa ya dume huyo huyo.

SINDANO: Wakati huo dume alikuwa bado kijana.

PROFESA: Mimi nashuku flamingo.

CHOMA: Flamingo gani tena?

PROFESA: Juzi grupu yote iliongea mafua ya ndege. Flamingo wanatoka Elementaita, wanapita juu ya boma ya Lita, wanaacha vitu. Haba na haba hujaza kibaba.

CHOMA: Afadhali useme mchanga wa machimbo ya Kariandusi. Upepo ukivuma, ule mchanga mweupe unaingia kwa nyasi. Ng'ombe anakula. Maziwa nyeupe, mchanga mweupe. Nyeupe imezidi kwa mwili!

Msichana akakohoa ndani ya kikombe. Sijui alikuwa anacheka ama anataka kulia.

SINDANO: Ngoja, ngoja. Lita, akirudisha kichwa hivyo, anaangalia wapi?

LITA: Kwa ubavu, nimesema.

SINDANO: Na huo ubavu unaelekea wapi?

LITA: Huko... mlimani.

SINDANO: Na mlimani waliweka nini mwezi uliopita?

Wote watatu wakaruka: "Busta!"

Basi hapo pakawaka. Profesa akasema busta ya netiwaki, ule mnara wa simu, inavuta ubongo wa mnyama mwenye pembe. Choma akasema Madam hana pembe, zilikatwa. Profesa akasema ndiyo maana imemchukua polepole. Lita akashika kichwa kwa mikono miwili. "Na masikio yake ni baridi," akasema chini chini. "Nimeyashika, baridi kama chupa ya soda."

Msichana akaweka kikombe chini. "Masikio ni baridi? Mzee, huyo ng'ombe amezaa lini?"

PROFESA: Dada, hapa tumeshapita mambo ya kuzaa.

Mimi ndiyo nikashtuka. Nikaangalia lile sanduku, nikaangalia zile gumboots. Nikamshika Lita bega: "We Lita! Daktari wako si ni huyu?" Akacheka, tena cheko la huruma. "Nekoye, wachana na mimi. Daktari anakuja na gari."

Sikubishana. Nikamwambia msichana: amezaa jana jioni, pita kanisa la mabati, ukiona tangi nyeusi kata kulia, utamkuta mama kwa matope. Akawasha pikipiki kabla sijamaliza.

PROFESA: Ona sasa, amekimbia. Watu wa minyoo hawapendi maswali.

Wakaendelea. Saa nzima, jamani. Na kadiri walivyoendelea ndivyo Madam alivyozidi kuwa mgonjwa, hadi Choma akasogea karibu na Lita akashusha sauti.

CHOMA: Ndugu yangu, ng'ombe akifia chini ni hasara kwa kila mtu. Nikuletee kisu saa hii, nyama ikiwa bado nyama.

LITA: Yule ng'ombe alizaliwa ile wiki tulimzika mama. Ng'ombe mamake akamkataa. Jemutai ndiye alimlea na chupa, akilala naye jikoni.

CHOMA: Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Lita akalia. Mwanamume mzima, hapo kwa taruma, machozi yakiingia kwa kahawa yangu. Akajipangusa na mkono wa sweta. "Haya," akasema. "Lete kisu."

Choma alikuwa ameshasimama pikipiki iliporudi. Msichana amejaa matope mpaka kiunoni, na mkono mmoja una mavi mpaka kwa kiwiko. Akaketi pale mwisho wa taruma bila kuuliza mtu.

"Mathe, kuna kahawa imebaki?"

Nikampa. Jina lake Jepleting, ndiyo nilimuuliza wakati huo. Akanywa nusu ndiyo akaongea.

"Ameamka."

LITA: Nani?

JEPLETING: Madam. Amekojoa, amekunya, ameamka. Saa hii analamba ndama. Usikamue maziwa yote leo.

PROFESA: Ulimpatia nini?

JEPLETING: Kalsiamu. Chupa moja, kwa mshipa, polepole.

PROFESA: Kalsiamu ni ya mifupa. Mgonjwa hakuwa amevunjika.

JEPLETING: Ng'ombe wa maziwa mengi akizaa, maziwa inavuta kalsiamu yote kwa damu. Mwili unapoa, unalegea, analala. Ukichelewa, moyo unasimama. Huyu wa mchanga wa Kariandusi alikaribia jibu kidogo. Ila nyeupe haikuzidi, ilipungua.

Choma akakaa polepole, hakujua aweke wapi mikono.

LITA: Na Jemutai?

JEPLETING: Nilimpigia simu nikiwa hapa, hakuwa na mkono wa kushika. Angeachilia kile kichwa kianguke, ng'ombe angefura tumbo afe. Miguu yake ilikuwa imekufa ganzi. Ng'ombe ndiye alisimama kwanza. Mama nilimwinua baadaye.

Mimi nilijifanya napuliza makaa. Jepleting akafunga sanduku lake vizuri, akapanda pikipiki, halafu akageuka.

"Mzee, mama amesema kuna swali nikuulize. Anataka jibu ukifika."

"Uliza," Lita akasema.

"Anauliza, ulikuwa umetumwa nini?"

Akaondoka. Lita akaangalia lami. Akamwangalia Profesa. Profesa akatoa simu akafungua grupu, akaandika kitu kirefu, akakisoma, akakifuta. Sindano aliona kitu cha maana sana kwa viatu vyake.

"Nekoye," Lita akasema mwishowe, "niongezee kahawa."

Birika lilikuwa na kikombe kizima, nililisikia kwa uzito. Nikaliinua, nikamwaga kahawa yote kwa vumbi mbele yake.

"Imeisha," nikamwambia. "Nenda nyumbani."