Mhesabie Hadi Tano

Ndugu, jamaa na majirani mliotufikia, dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Redio, alizaliwa Jumanne tarehe 9 Machi 1993, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa baba mlinzi wa ghala na mama mshona mashuka, na mama husema alianza kuongea kabla ya kuota meno, akaendelea bila kumeza mate.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 2000 hadi 2006, na sekondari hadi 2010, kisha akahitimu kozi ya malezi, na tarehe 4 Februari 2013 akaajiriwa kulea watoto wachanga katika kituo kilichopakana na kiwanda cha nguo, chumba chenye vitanda kumi na viwili na dirisha linalotazama mashine za mama zao. Huko ndiko alikopata jina lake, kwa sababu aliongea na watoto wa miezi mitatu kama anaongea na mashemeji, akiwauliza wameamkaje, kisha akinyamaza na kuhesabu moyoni hadi tano, macho usoni kwa mtoto, na mtoto akiguna au akirusha mguu, yeye husema kumbe, halafu ikawaje. Mafundi cherehani walimcheka, wakisema Redio umemuuliza swali gumu, mwache akaulize kwao, naye aliwajibu kwamba ubongo wa mtoto hushonwa kwa nyuzi mbili, wa juu ni neno analoambiwa, wa chini ni kule kujibiwa, ukikosekana mmoja mshono haushiki.

Tarehe 18 Agosti 2018 aliolewa na fundi wa majokofu, mtu mkimya ambaye shangazi alisema sasa amepata wa kumsemea, na baada ya mimba mbili kuharibika, tarehe 14 Januari 2023 walijaliwa binti, ambaye akiwa na miezi tisa alisema ba-ba-ba kutwa nzima, akinyamaza kungoja ajibiwe, mama yake mtupu.

Novemba 2023 figo za marehemu zilishindwa kufanya kazi, na mdogo wake, ambaye ndiye anayewasomea haya, akaacha shule kidato cha pili ili amlee mtoto. Hapo ndipo nyumba nzima ilipokosea, kwa nia njema, maana tulidhani kimya ndicho dawa ya mgonjwa, tukamweka mtoto chumba cha nyuma mbele ya simu yenye katuni, tukamnyamazisha kila alipotoa sauti, na waliokuja kumjulia hali mgonjwa walinyata mlangoni wakimsifu mtoto kwamba ana adabu, hasumbui. Kufikia Aprili alikuwa hatoi hata ba moja, na mdogo mtu alishukuru kwamba ametulia, mpaka tarehe 6 Mei 2024 muuguzi wa kliniki alipogonga kikombe nyuma ya sikio la mtoto, naye akageuka mara moja, masikio mazima, muuguzi akauliza nyumbani anaongea na nani, na hatukuwa na mtu wa kumtaja.

Marehemu hakuambiwa. Alasiri ya tarehe 21 Juni, wodini, aliuliza swali lake la kila siku, "Anasemaje mwanangu?", akanyamaza, na mdogo wake aliiona midomo yake ikihesabu, na kabla haijafika tano akamjibu, "Anaongea mno, dada, tumekoma." Marehemu alitabasamu, akafariki kesho yake saa tatu asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, walezi wenzake, mafundi cherehani waliozima mashine leo, na majirani wote. Ila ina ombi, na inaliomba kwa magoti. Muuguzi amesema hatujachelewa kabisa, lakini kila wiki ina uzito wake, na binti yuko hapa, kwenye paja la baba yake, anawatazama nyote, kimya, kwa hiyo mkija kutupa mkono wa pole msimpapase kichwani na kusema maskini, muulizeni kitu, chochote, kisha mtazameni usoni na kumhesabia hadi tano kabla ya kuondoka, hata asipojibu, maana sisi tunajaribu tangu Mei na bado hajajibu, na mdogo wa marehemu hajui tena afanye nini.

Dada, tulikudanganya, utusamehe, pumzika kwa amani, na siku atakayosema neno tutamleta hapa hapa kaburini kwako aliseme.